Njano ya chini, njano ya juu

Mbele yangu kwenye foleni ya duka la pembejeo, Kimara, kijana mmoja alimwonyesha muuzaji picha kwenye simu. Nyanya zake za kwenye ndoo zinageuka njano, afanyeje? Muuzaji aliitupia picha jicho, akageuka, akashusha chupa kutoka rafu ya juu. Aliyefuata alikuwa mama mmoja, naye nyanya zake zimegeuka njano, ila za kwake majani yanajikunja na maua yanapukutika. Akashushiwa chupa ile ile. Bei ile ile, maelezo yale yale: pima kwa kifuniko, changanya na maji, piga jioni.

Mimi nilifuata mbegu za mchicha tu, lakini ile chupa iliniganda kichwani. Kwa maelezo yao wenyewe, wale watu walikuwa na shida mbili tofauti, na hakuna aliyeulizwa njano imeanzia wapi.

Kwamba hilo ndilo swali la kwanza, nimeelezwa na mama mmoja aliyestaafu kazi ya ugani, ambaye sasa anaotesha nyanya uani kwake, Mbezi, katika ndoo za rangi za lita 20 zilizotobolewa kitako. Ameniomba nisiandike jina lake. Mtaani wanamwita Bibi Shamba, nami nitamwita hivyo hivyo. Ndoo zake zimepangwa kando ya ukuta unaopata jua la asubuhi, nyingine nyanya za aina ya Tanya, nyingine Cal J, kila mche umefungwa kwenye mti wake kwa vipande vya kanga kuukuu. Hapo ndipo watu wanapokuja na majani yao, wengine wameyafunga kwenye gazeti, wengine kwenye mfuko wa mkate.

"Njano usiitibu, mwanangu," aliniambia kabla hata sijamaliza shikamoo. "Mtu ana homa, utamtibu homa kabla hujampima malaria? Au siku hizi mnameza tu?"

Kisha akaniinamisha kwenye ndoo ya kwanza. Majani ya chini yalikuwa njano tupu, jani zima, pamoja na vishipa vyake. Ya juu yalikuwa kijani, ingawa kijani kilichopauka. Hiyo, alisema, ni njaa ya naitrojeni. Mmea ukikosa naitrojeni ardhini hunyang'anya majani ya zamani na kuwapelekea chipukizi, ndiyo maana njano huanza chini na kupanda. Kwenye ndoo jambo hili huja upesi kuliko shambani, kwa sababu unamwagilia kila siku na kila siku maji yanaondoka na chakula kupitia yale matundu ya chini. Dawa yake ni samadi iliyoiva vizuri, au mbolea kidogo ya kukuzia. Kidogo, alikazia. Anayemimina hupata majani laini yaliyonona, na majani laini ndiyo karamu ya vidukari.

Ndoo ya pili ilikuwa kinyume. Chini kijani, juu njano, lakini vishipa vimebaki kijani kama vilivyochorwa kwa kalamu. "Huyu ana njaa ya madini ya chuma. Sasa muulize mwenye ndoo ameweka nini." Ndoo ilikuwa ya jirani, imeletwa kulazwa hapo. Mwenye ndoo alikuwa amesikia kwamba majivu yanafukuza wadudu, akawa anayamwaga kwenye udongo kila wiki. Majivu yakizidi yanaondoa uchachu wa udongo, na hapo madini ya chuma, hata kama yamo, mizizi haiwezi kuyachukua. Kwa hiyo mtu alikuwa anajiletea njano kwa mkono wake mwenyewe, akidhani anaikinga. Sitashangaa kusikia kwamba ndoo za namna hii mjini ni nyingi.

Mengine aliyapitia haraka. Kumwagilia mno: jani la chini linageuka njano na mmea unalegea huku udongo umelowa, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, kikitoka na tope, acha maji. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wakazi wengi wa Dar es Salaam wanayajua kwa ladha: kingo za jani zinaungua na ukingo wa ndoo unaota ukoko mweupe. Bakajani: madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, kila doa limezungukwa na njano, nalo huanzia majani ya chini yanayorukiwa na matone ya udongo. Mnyauko wa fuzari: njano inashika upande mmoja wa mmea, hata upande mmoja wa jani, na upande wa pili haujui kitu. Na jani moja au mawili ya chini kabisa yakizeeka yenyewe wakati matunda yanajaa, hapo hakuna cha kutibu, yavunje tu.

"Hayo yote hujagusa mdudu bado," akasema. "Sasa geuza jani."

Ninaamini wengi wetu hatuligeuzi. Nyanya tunaitazama kutoka juu, tumesimama, pengine na simu mkononi. Na karibu kila anayeila nyanya anaishi upande wa pili. Bibi Shamba aliweka karatasi nyeupe ya daftari chini ya tawi lenye majani yaliyojaa vitone vya njano vidogo mno, kana kwamba yamechomwa kwa ncha ya sindano, akaligonga tawi kwa kidole. Vumbi likaanguka kwenye karatasi. Tukangoja kidogo, vumbi likaanza kutembea. Akapitisha kiganja juu yake. Karatasi ikabaki na michirizi myekundu. Utitiri. Ana miguu minane, yuko karibu na kupe na buibui kuliko inzi, na sumu nyingi za wadudu hazimfanyi kitu. Wakati mwingine zinamsaidia, maana zinaua wale waliokuwa wakimla. Hupenda kiangazi na vumbi la barabarani. Kwa ndoo chache, alisema, mrushie maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi kadhaa mfululizo, kata majani yaliyofungwa utando, usimwache apande kileleni.

Nzi weupe huwajui mpaka uutikise mmea. Wananyanyuka, wanazunguka, wanarudi palepale. Kufyonza kwao utomvu ni kero ndogo. Balaa ni virusi wanavyobeba, vile vinavyoleta ugonjwa ambao wakulima wanauita rasta. Majani yanakuwa madogo, yanajikunja kwenda juu, kingo njano, kilele kinasongamana, maua yanadondoka. Yule mama wa dukani, nilipomweleza Bibi Shamba, alinyamaza kidogo. "Huyo kauziwa sumu ya bure. Virusi havina dawa. Mche ukishapata rasta mchanga, hauzai, unabaki kuambukiza wenzake. Ung'oe." Kinga yake ni kuanzia kitaluni, kuifunika miche kwa chandarua chenye matundu madogo. Na kuna mtego wa kuchekesha: kipande cha plastiki ya njano kilichopakwa grisi, kimening'inizwa kati ya ndoo. Nzi weupe wanaipenda rangi ile ile inayotutia sisi hofu.

Vidukari wana washenga. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina la nyanya, wafuate. Watakupeleka walipo vidukari, maana wanafuata ule utomvu mtamu wanaoutoa. Maji ya sabuni, yakiwagusa vidukari wenyewe, yanawamaliza. Yasipowagusa hayafanyi kazi, ndiyo maana yanapigwa chini ya jani.

Kisha kantangaze, nondo mharibifu wa nyanya. Huyu Bibi Shamba humtaja kwa sauti nyingine, kwa sababu alifanya kazi Arusha, na ni kule Ngarenanyuki, wilayani Arumeru, alikotambuliwa rasmi mdudu huyo kwa mara ya kwanza nchini mwaka 2014. Asili yake ni Amerika Kusini. Aliingia Hispania mwaka 2006, akavuka Afrika Kaskazini, akashuka. Bibi Shamba alichukua jani lenye mabaka yaliyopauka, akaniambia nilielekeze juani. Ndani, katikati ya ngozi mbili za jani, kiwavi mdogo wa kijani alikuwa anakula, nyuma yake ameacha mstari wa kinyesi cheusi. Sumu inayopigwa juu ya jani itampataje aliye ndani ya jani? Na zile zinazopenya, nyingi amekwisha kuzizoea. Wakulima wakubwa wanatega mitego ya beseni la maji yenye kivutio cha harufu ya jike. Inanasa madume, inakuambia yupo, lakini peke yake haimmalizi. Mwenye ndoo tano ana bahati kuliko mwenye ekari tano: vidole vinamtosha. Chuma jani lenye baka, lifunge kwenye mfuko, uache mfuko juani.

Tukiwa hapo aliingia dada anayeuza chipsi kona ya barabara. Anaotesha nyanya za kachumbari yake. Amebeba mche mzima, umeng'olewa na mizizi yake, ukiwa umelegea.

"Bibi, huu umekufa na wala haukugeuka njano."

Bibi Shamba akaacha kila kitu. Ulianza lini? Mchana unalala, jioni unaamka, kama mara tatu hivi, baadaye haukuamka tena. Nilidhani kiu, nikawa naongeza maji. Mizizi ikakaguliwa: haikuwa na vinundu, basi minyoo fundo hawamo. Kikaletwa kisu, akakata shina karibu na udongo. Kwenye mkato, chini ya ganda, kulikuwa na pete ya kahawia. Akakata kipande cha urefu wa kidole, akaomba glasi ya maji safi. Glasi, si kikombe, na maji yaliyotulia. Akakibana kipande kwa kibanio cha nguo, akalaza kibanio kwenye mdomo wa glasi ili ncha ya shina iguse maji tu, akatukataza kuitikisa meza.

Hakuna aliyesema neno. Nje bodaboda ilipita, maji yakatetemeka, yakatulia. Kisha kutoka kwenye ncha ya shina ukachomoza uzi mweupe, mwembamba, ukashuka taratibu kwenye maji kana kwamba ulikuwa na uzito wake. Ukafuata wa pili kando yake. Baada ya muda chini ya glasi kukawa na ukungu wa rangi ya maziwa. Dada wa chipsi akapiga magoti ili macho yake yawe sawa na glasi. Nilifanya vilevile. Nimeandika habari za kilimo kwa muda mrefu, na sijawahi kumwona adui akitoka nje waziwazi namna ile.

"Hao ni bakteria," Bibi Shamba akasema. "Wamejaa kwenye mishipa, maji hayapiti. Fuzari hafanyi hivi, hata ukingoja mpaka kesho. Udongo ulichota wapi?"

Bondeni. Palipokuwa panalimwa biringanya.

Basi. Mnyauko bakteria hukaa udongoni miaka, na nyanya, biringanya, pilipili, nyanya chungu na viazi mviringo wote ni ukoo mmoja kwake. Udongo ule usimwagwe kwenye ndoo nyingine, wala mle isipandwe nyanya wala ndugu zake; mchicha, sawa. Kisu kikaoshwa kwa jiki hapohapo. Yale maji ya glasi aliyachanganya na jiki pia kabla ya kuyamwaga chooni.

Ila dada wa chipsi alikuwa na neno moja. Ana ndoo mbili zilizojazwa udongo huo huo, siku hiyo hiyo, miche ya kitalu kimoja. Moja imekufa, ya pili ina matunda. Kwa nini? Bibi Shamba alifikiri, akataja jua, akataja kwamba pengine mizizi ya mmoja ilijeruhiwa wakati wa kuhamisha, bakteria wakapata mlango. Halafu akatikisa kichwa. "Siwezi kukudanganya, mwanangu. Sijui."

Jibu hilo, "sijui", halipatikani dukani. Nilirudi kumuuliza yule muuzaji kwa nini hawaulizi wateja maswali. Hakuchukia. "Mteja anakuja na hela mkononi, ana haraka. Nikimwambia kaongeze samadi, au kang'oe, mimi nitamuuzia nini?" Ana kodi ya fremu, ana watoto. Namwelewa. Lakini kijana yule naye ana watoto wanaochuma nyanya na kuila palepale uani, na kwenye lebo ya chupa aliyopewa kuna idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna, kwa maandishi ya kuhitaji miwani. Tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, inayosajili sumu hizi. Kusajili chupa ni kazi moja. Nani anasimamia yale yanayosemwa juu ya kaunta wakati chupa inabadilisha mikono? Na maofisa ugani, ambao mashamba ya vijijini tu yanawashinda, ndoo za Mbezi na Kimara zitawafikia lini?

Kwa sasa, msomaji, siku utakapokwenda dukani na nyanya yako, usiende na picha. Nenda na tawi zima, lenye majani ya chini na ya juu, kwenye mfuko uliofungwa ili usisambaze wadudu njiani. Mwombe muuzaji aligeuze jani, na akutajie jina la mdudu au la ugonjwa kabla hajakutajia jina la dawa. Akishindwa, rudi na hela yako, ukamtafute ofisa ugani wa kata yako.