Mkono wa Mtoto na Bei ya Gemu: Pesa Ianzie Wapi?

Mzazi wa mtoto ambaye mtindio wa ubongo umemkaza au kumlegeza mkono mmoja hukutana na hesabu ngumu mapema. Kliniki inampangia kikao kimoja kwa wiki, pengine kwa mwezi, na nauli nayo inadai fungu lake. Kisha anasikia habari za gemu: mtoto anasimama mbele ya televisheni, anarusha mkono, anapiga tenisi ya kwenye skrini, na mazoezi yanafanyika bila kilio. Habari hizo ni za kweli. Ila vifaa ni vingi, bei zimepishana sana, na baadhi ya vile vya ghali havimsaidii kabisa mtoto mwenye mkono wa namna hii.

Kabla ya kuuliza bei ya kifaa, uliza mkono unahitaji saa ngapi za kazi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mtoto mwenye mtindio wa ubongo huhitaji kati ya saa 14 na 25 za mazoezi ili atimize lengo moja mahususi, kama kufunga kifungo cha shati la shule. Uwezo wa mkono kwa jumla huhitaji saa 30 hadi 40. Ukifanya naye mazoezi nyumbani nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, saa 40 zinatimia kwa wiki 16. Ukitegemea kikao cha saa moja kliniki kila wiki, zitakuchukua wiki 40. Tuseme kikao ni shilingi 20,000 na nauli 5,000: hiyo ni milioni moja kamili, na bado hujahesabu siku 40 ambazo mama hakufungua genge wala kwenda shamba.

Kwa hiyo nyumbani ndiko saa zinakopatikana. Swali linalobaki ni hili: kifaa unachotaka kununua kinaulazimisha mkono dhaifu ufanye kazi, au kinamruhusu mtoto aukwepe?

Kwa swali hilo PlayStation ya banda la gemu mtaani inaanguka mara moja. Inachezwa kwa vidole gumba. Bega, kiwiko na kifundo cha mkono vinabaki vimetulia. Hata Xbox Adaptive Controller, iliyoingia sokoni mwaka 2018 kwa dola 99.99, ilibuniwa kwa kusudi jingine. Inamwezesha mwenye ulemavu kucheza kwa kiungo chochote alichonacho, na kwa hilo ni kifaa cha heshima kubwa. Mtoto anastahili kucheza na wenzake. Lakini usiinunue ukidhani itamfungua vidole.

Nintendo Wii ya mwaka 2006 ndiyo iliyozoeza dunia kucheza kwa kurusha mkono. Haitengenezwi tena, kwa hiyo utakayopata ni iliyotumika, na bei ni ya kupatana. Uzuri wake ni kwamba haihitaji intaneti, na nyaya zake za rangi nyekundu, nyeupe na njano zinaingia kwenye televisheni nyingi za zamani. Mtoto asiyeweza kushika remoti anaweza kufungiwa mkononi kwa bandeji laini ya kuvutika, mradi damu ipite vizuri. Kasoro yake watoto huigundua haraka: remoti inahisi mtikisiko, hivyo anayetikisa kidogo tu kifundo cha mkono hupata pointi sawa na aliyenyoosha mkono wote. Tena hakuna kinachomzuia kuihamishia remoti kwenye mkono usio na tatizo. Wii bila mtu mzima pembeni ni burudani tu. Ikiwa na mtu anayesema "nyoosha mpaka juu, hiyo haihesabiwi", inakuwa tiba. Kwa maoni yangu, ukiikuta nzima, ina remoti mbili na kile kijiti cha kuwekwa juu ya televisheni, isizidi shilingi 250,000.

Kinect ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2010 kwa dola 149.99 pamoja na gharama ya Xbox 360 yenyewe, haina remoti kabisa. Kamera yake inausoma mwili, basi mtoto mwenye ngumi iliyojikunja anacheza bila kushika kitu. Kwa bega na kiwiko ni nzuri kuliko Wii. Lakini haioni vidole kimoja kimoja, na inataka nafasi ya karibu mita mbili mbele ya televisheni, jambo lisilo rahisi kwa anayeishi chumba kimoja. Microsoft iliacha kuitengeneza mwaka 2017, na duka la mtandaoni la Xbox 360 lilifungwa Julai 2024. Ukinunua sasa, hakikisha unapata na diski za gemu mkononi.

Nintendo Switch ilianza kwa dola 299.99, karibu shilingi 750,000 ukihesabu dola kwa 2,500. Vishikio vyake vinachomoka na kuhisi mwendo wa mkono, lakini ile ndogo iitwayo Switch Lite vishikio vyake havichomoki, kwa hiyo iache dukani. Miwani ya uhalisia pepe ya Meta Quest mtengenezaji ameipangia umri wa kuanzia miaka 10, na kwa wengi wanaosoma hapa hilo linamaliza mjadala.

Kinachonipa matumaini zaidi ni kamera ya kawaida. Mwaka 2019 Google iliitoa bure teknolojia ya MediaPipe ya kufuatilia mkono, inayotambua alama 21 kwenye kiganja na vidole kwa kutumia kamera ya simu janja au kompyuta. Gemu zilizojengwa juu yake zinaweza kuona vidole, kitu ambacho Kinect haikuweza, na gharama yako inabaki kwenye bando. Skrini ya simu ni ndogo, kweli. Iegemeze mezani, mtoto aketi umbali wa mkono, mgongo wake umeegemea kiti ili asidanganye kwa kupinda kiwiliwili.

Na usipuuze gemu za bure tulizokulia nazo. Mdako unamtaka mtoto arushe kokoto, achote nyingine shimoni, kisha adake ile ya kwanza. Hapo kuna kufungua kiganja, kubana vidole na kupima muda kwa pamoja. Rede inanyoosha bega. Skrini haina uzito wa kokoto wala ubaridi wake, na mkono unaojifunza unahitaji kugusa vitu halisi.

Gemu ya skrini inazizidi hizo kwa hamu na hesabu: inatoa pointi, na mtoto anarudia mwendo mara nyingi bila kusukumwa. Hamu hiyo nayo huisha. Huko Australia, mpango wa Mitii uliwapelekea watoto mazoezi ya nyumbani kwa kompyuta na kamera, nusu saa kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 20. Lengo lilikuwa saa 60. Wastani uliofikiwa ulizidi nusu kidogo tu. Kwa hiyo, usimalizie pesa yote kwenye kifaa chenye gemu moja. Tenga kiasi cha kubadilisha gemu mtoto akichoka.

Fungu la kwanza, hata hivyo, liende kwa mtaalamu wa mazoezi tiba au wa tiba kwa vitendo. Utafiti wa Iona Novak na wenzake wa mwaka 2009 uliwapa wazazi mpango wa nyumbani uliopangwa na wataalamu kwa malengo ya familia yenyewe. Walifanya vipindi vya takriban dakika 17, mara 17 hivi kwa mwezi, kwa wiki 8, na watoto wakaendelea vizuri kuliko wale wasiopewa mpango. Dakika hizo ni chache kuliko saa nilizotaja juu. Kilichozipa nguvu ni lengo lililo wazi. Mtaalamu ndiye pia atakayekuambia kama mkono usio na tatizo uvalishwe soksi kwa muda ili ule dhaifu ufanye kazi. Usijaribu hilo peke yako. Mweleze vilevile kama mtoto ana kifafa, kwa kuwa takriban mmoja kati ya wanne wenye mtindio wa ubongo anacho, na taa za skrini zinazomwekamweka zinaweza kukiamsha.

Kwa familia yenye shilingi 300,000, uamuzi wangu ni huu: vikao vitatu au vinne vya mtaalamu vilivyotawanywa kwa miezi minne, simu iliyopo nyumbani, kokoto, na kinachobaki kiwe akiba. Mwenye uwezo zaidi aongeze Wii au Kinect iliyotumika, kutegemea kama mtoto anaweza kushika. Na kila kikao kiishe kwa karatasi iliyoandikwa mazoezi ya nyumbani, dakika zake na lengo lake. Kama ulitoka kliniki bila karatasi hiyo, rudi ukaiombe kabla hujakwenda Kariakoo kutafuta kifaa.