Tanga Lake, Mashine Yake: Boti Iliyotugombanisha

Kama wewe na mwenzi wako mmewahi kununiana kwa ajili ya gari, subirini mfike kwenye boti! Sisi tunaishi Houston, karibu na Galveston Bay, na mume wangu ameangukia MacGregor 26, boti ya tanga yenye vitanda, jiko dogo na mashine ya nguvu farasi 50. Boti nyingi za tanga za ukubwa huo hufungwa mashine ya chini ya farasi kumi, ya kuingilia na kutokea bandarini tu.

Kiwanda chake kilikuwa Costa Mesa, California, na kilifungwa mwaka 2013, kwa hiyo leo unanunua ya mkononi. Kabla akiba yetu haijaguswa, nikaanza kuwahoji wenye nazo. Jamani! Mabaharia wetu wa pwani wakienda kinyume cha upepo, wakikata huku na huku, husema wanabisha. Hawa wenzetu wanabisha hata boti ikiwa juu ya trela.

Kundi la kwanza linasema hiyo si boti ya tanga, ni nyumba inayoelea. Ubavu mrefu unashika upepo, tumbo ni bapa ili iweze kuteleza juu ya maji kwa mashine, na uzito ni mdogo. Ukitaka kuupanda upepo, inakwenda upande kama kaa. Kundi la pili linajibu kwamba wengi hawajui kuiendesha: ubao wa chini wameusahau juu, mashine wameiacha majini inawavuta nyuma, na matanga yamechoka kama shuka la gesti.

Mimi nawapa kundi la kwanza ushindi kwenye kubisha. Lakini upepo ukitoka ubavuni au nyuma, malalamiko mengi yanaisha. Isitoshe, ghuba yetu ina maji machache, na toleo la 26M, ubao ukiwa juu, linahitaji kina cha sentimita 30 hivi tu. Boti yenye mkuku mrefu ingekwama huko huko tunakotaka kwenda kulala.

Kilichoninyima usingizi ni farumi. Kwenye 26M sehemu kubwa ya farumi ni maji, zaidi ya kilo 500, unayoyaingiza tangini na kuyamwaga. Tangi likiwa tupu, mashine inairusha boti karibu noti 20. Likijaa, spidi inapungua, lakini ndipo boti inaweza kuinuka ikilazwa na upepo. Kwa hiyo mtu akikutambia spidi, mwulize kwanza: tangi lilikuwaje?

Tarehe 4 Julai 2002, katika Lake Champlain, Vermont, MacGregor 26 iliyobeba watu 11 bila maji ya farumi ilipinduka. Watoto wawili walifariki. Nilimsomea mume wangu habari hiyo mezani, chakula kikapoa. Hakubisha.

Tumekubaliana tununue. Valvu ya tangi nakagua mimi, kila safari, hata kama bwana mkubwa ameshaikagua. Jumamosi za mwanzo tunatoka na mtu anayejua matanga, tangi limejaa. Hizo noti 20 zake atazijaribu Jumapili, mlingoti umelazwa, watoto wako kwa shangazi yao.