Kigari cha mtoto: usifue kitambaa ukasahau magurudumu

Siku hizi si ajabu kuona vigari vya watoto vikisukumwa katika mitaa ya Eastlands. Watoto wengi bado hubebwa mgongoni kwa leso, lakini mzazi anayeishi Shauri Moyo hahitaji kwenda mbali akitaka kigari. Gikomba iko karibu, na humo huuzwa vigari vya mitumba kwa bei nafuu kuliko vipya. Kikiharibika, mafundi wa jua kali wa Kamukunji nao si mbali.

Hakuna ubaya kumnunulia mtoto kigari kilichotumika. Shida ni jinsi tunavyokitunza. Wazazi wengi hufua kitambaa cha kiti mpaka kikang'aa, kisha wakaona kazi imekwisha. Hatari kubwa haiko kwenye kitambaa. Iko chini, kwenye magurudumu, na kwenye viungo vya chuma.

GURUDUMU NI KIATU

Fikiria safari moja tu ya kwenda soko la Burma kununua nyama na kurudi. Njiani kigari hukanyaga tope, maji taka yaliyofurika na kinyesi cha mbwa. Ukifika nyumbani unavua viatu mlangoni, lakini kigari unakiingiza ndani moja kwa moja hadi kando ya kitanda. Katika nyumba ya chumba kimoja, sakafu hiyo ndiyo mtoto anayotambaa, na kila anachookota hukitia mdomoni.

Uchafu huo hubeba vijidudu vinavyoleta kuhara. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 uliifikia Nairobi pia, na mtoto mchanga anayehara huishiwa na maji mwilini upesi kuliko mtu mzima. Tena kuna mayai ya mchango, ile minyoo mirefu ya mviringo, ambayo huweza kudumu udongoni kwa miaka. Dawa ya klorini haiyaui kwa urahisi. Kinachosaidia ni kuyasugua mpaka yatoke.

Kwa hivyo, fanya hivi. Kigari kikitoka nje, kiache mlangoni. Sugua magurudumu kwa maji, sabuni na brashi ambayo haitumiki kwa kazi nyingine. Mswaki mkuukuu utafaa kwa kuondoa nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli. Maji hayo yamwage chooni au kwenye mtaro wa maji taka, kisha unawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Ikiwa kigari kimepita kwenye maji taka, au kimefikiwa na mafuriko kama yale ya Aprili na Mei 2024, tumia pia dawa ya klorini baada ya kusugua. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 3.5, vijiko viwili vya mezani, yaani mililita 30, vinatosha kwa lita 1 ya maji. Paka kwenye magurudumu na sehemu za plastiki, ngoja dakika 10, halafu futa kwa maji safi. Kamwe usichanganye dawa hiyo na siki au dawa ya kusafishia choo, kwa maana mvuke wake huchoma mapafu.

KITAMBAA NA MIKANDA

Kigari cha mitumba kikague kabla hujakilipia. Pindua mishono na uangalie kwa tochi kama kuna kunguni au madoa yao meusi. Kitambaa kinachotoka na kinachostahimili joto kifue kwa maji moto ya nyuzi 60 au zaidi, kisha ukianike juani mpaka kikauke kabisa. Kigari kilichokunjwa kikiwa na unyevu na kusukumwa chini ya kitanda, hasa wakati wa masika na baridi ya Julai, huota kuvu, na kuvu huwasumbua watoto wenye pumu. Usipulizie dawa ya wadudu kwenye kiti, kwani mtoto atailamba.

Mikanda isafishe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu tu. Klorini hudhoofisha nyuzi zake, na mkanda dhaifu hukatika siku mtoto anapojirusha mbele.

VIUNGO VINAVYOKATA

Bawaba za kigari kinachokunjwa ni kama mkasi. Novemba 2009 kampuni ya Maclaren ilitangaza tahadhari Marekani kuhusu vigari vyake karibu milioni 1, baada ya kuripotiwa visa 12 vya watoto waliokatwa ncha za vidole na bawaba hizo. Wenye vigari walipewa vifuniko vya kuzuia vidole visiingie. Kigari cha mitumba unachouziwa leo chaweza kuwa cha miaka hiyo, na hakina vifuniko. Kwa hivyo, kabla ya kukunja au kukunjua, mweke mtoto mbali, mikono yake ukiiona.

Ajali ikitokea, funika jeraha kwa kitambaa safi na ulibane. Kipande kilichokatika kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo uuweke juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu. Kimbilia hospitali mara moja.

Kila wiki jaribu breki mahali penye mteremko kabla mtoto hajapanda. Kaza nati na skrubu zilizolegea, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiungo kinacholia kitie tone la mafuta ya cherehani, kisha ufute yanayozidi. Mafuta ya kupikia hushika vumbi. Mafuta ya taa nayo usiyatumie, wala usiyaweke ndani ya chupa ya soda, kwa kuwa mtoto akiyanywa yaweza kuingia mapafuni.

Ukimpelekea fundi kigari akichomelee, mwombe asipake rangi iliyobaki kwenye geti la mtu. Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, na mtoto anayeota meno hutafuna chuma chochote kilicho mbele yake. Na kama chuma cha kukishikilia kigari kisikunjike kimevunjika, usikitie waya kikashikilia. Uza vyuma chakavu.

Tenga nusu saa kila Jumamosi kwa kazi hii, nayo ianzie chini: magurudumu, breki, bawaba, mikanda. Kitambaa kije mwisho.