Kuigiza Prosesa kwa Kompyuta za Wengi: Mfano wa Condor na Archer

1. Swali na gharama yake

Mtafiti wa usanifu wa kompyuta hushughulikia kitu ambacho bado hakipo. Akitaka kujua iwapo prosesa ingefanya kazi kwa kasi zaidi kama kache yake ingeongezwa maradufu, hawezi kuiunda prosesa hiyo ili aipime. Chipu moja hudai kiwanda, muda mrefu na fedha ambazo ni nadra idara ya chuo kikuu kuwa nazo. Kwa hiyo huandika programu inayojifanya prosesa, yaani kiigizi, kisha humpa kiigizi hicho programu nyingine aitekeleze, huku akihesabu kila hatua: agizo lipi lilisubiri, data ipi ilikosekana katika kache, muda gani ulipotea.

Njia hii ni ya kuaminika, lakini ni ya polepole mno. Kwa kila agizo moja la prosesa inayoigizwa, kompyuta halisi hulazimika kutekeleza maagizo yake yenyewe kwa maelfu. Mojawapo ya viigizi vilivyoenea sana vyuoni ni SimpleScalar, kilichotengenezwa na Todd Austin na Doug Burger katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, na ambacho toleo lake la 2.0 lilielezwa mwaka 1997. Ichukuliwe kwamba kiigizi cha namna hiyo hutekeleza maagizo 300,000 kwa sekunde, na kwamba programu ya kupimia ina maagizo bilioni 300. Jaribio moja litachukua sekunde milioni moja, yaani siku kumi na moja na nusu. Mkusanyo wa vipimo uitwao SPEC CPU2000 una programu 26. Mtafiti anayelinganisha miundo kumi ya kache atahitaji majaribio 260. Kwa kompyuta moja, hiyo ni zaidi ya miaka minane. Mwanafunzi wa udaktari hawezi kungoja kiasi hicho.

Hapo ndipo penye jambo la kuzingatia. Majaribio hayo 260 hayategemeani. Lolote kati yao haliulizi lingine limefikia wapi. Hali ni tofauti katika utabiri wa hali ya hewa, ambamo kila sehemu ya hesabu hungoja matokeo ya jirani yake na ambamo mashine kubwa yenye nyaya za kasi haiepukiki. Kwa mtafiti wa usanifu, kompyuta 260 za kawaida, zilizotawanyika popote, zingemaliza kazi yote kwa siku kumi na moja na nusu. Miron Livny wa Madison alisisitiza tofauti hii: kuna watu wanaohitaji kasi ya sekunde hii, na kuna wanaojali ni kiasi gani cha kazi kitakuwa kimekamilika baada ya mwezi au mwaka.

2. Condor, mwindaji wa mashine zisizo na kazi

Katika miaka ya 1980 Livny na wenzake waliona kwamba kompyuta zilizokuwa juu ya meza za wahadhiri zilikaa bure kwa sehemu kubwa ya muda. Mwenyewe yuko darasani, yuko kwenye chakula, amelala. Mashine yake inawaka tu. Mfumo walioubuni, Condor, ulielezwa mwaka 1988 na Michael Litzkow, Livny na Matt Mutka, kwa kutumia takwimu za mwezi mmoja zilizokusanywa kutoka mashine 23. Tangu mwaka 2012 unaitwa HTCondor, na bado unatumika.

Kanuni yake ya kwanza ni ya adabu zaidi kuliko ya ufundi: mwenye mashine hasumbuliwi. Kwa desturi, kazi ya mgeni haianzi mpaka kibodi iwe haijaguswa kwa dakika 15 na prosesa iwe karibu haina shughuli. Mwenyewe akirudi na kugusa kibodi, mgeni huondoka. Bila kanuni hii hakuna mhadhiri ambaye angekubali kuitoa mashine yake, na mfumo mzima ungekufa kabla ya kuanza.

Lakini mgeni anayefukuzwa baada ya siku tisa za hesabu angepoteza siku zote tisa. Kwa hiyo Condor iliandika nakala ya hali ya kazi: kumbukumbu yake, mahali ilipofikia, faili ilizofungua. Nakala hiyo ilipelekwa kwenye mashine nyingine iliyo huru, na kazi ikaendelea kutoka pale ilipokatizwa. Faili zenyewe zilibaki kwenye mashine ya mtafiti. Kila mara kazi ilipotaka kusoma au kuandika, ombi lilirudi nyumbani kupitia mtandao. Hivyo mwenye mashine hakuachiwa takataka za mgeni.

Likabaki swali la haki. Mtu mmoja mwenye majaribio elfu anaweza kuzijaza mashine zote, na mwenye majaribio matano akasubiri mwezi mzima. Mutka na Livny walitumia kanuni waliyoiita Up-Down: kadiri mtu anavyotumia mashine za wenzake, ndivyo cheo chake katika foleni kinavyoshuka; kadiri anavyongoja, ndivyo kinavyopanda. Wanaojua likelemba watatambua roho yake, ingawa hapa zamu haipangwi mapema na asiye na haja hadai chochote.

Kulinganisha kazi na mashine nako kulipata utaratibu wa kupendeza. Katika maelezo yaliyotolewa mwaka 1998 na Rajesh Raman, Livny na Marvin Solomon, kazi hutangaza inachohitaji, mathalani kumbukumbu kiasi fulani, na mashine hutangaza inamkubali nani na saa ngapi. Kati yao hukaa mshenga. Yeye huwakutanisha tu. Makubaliano ya mwisho ni ya pande mbili zenyewe.

3. Kutoka idara moja hadi vyuo vingi

Condor ilifaa sana ndani ya idara yenye mtandao mmoja. Vyuo viwili vinapotaka kuunganisha mashine zao, kila kimoja kina ukuta wake wa usalama, anwani zake za ndani na msimamizi asiyependa wageni. Mradi wa Archer, ulioelezwa mwaka 2008 na kuongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Florida na Renato Figueiredo, ulilenga watafiti wa usanifu wa kompyuta hasa. Mshiriki alichukua mashine pepe iliyokwisha kutayarishwa, akaiwasha ndani ya kompyuta yake, nayo ikajiunga yenyewe na mtandao pepe uitwao IPOP, unaozipitisha data kati ya washiriki hata wakiwa nyuma ya kuta hizo. Ndani yake Condor iligawa kazi.

Faida yake kubwa pengine haikuwa idadi ya mashine. Watafiti wawili wakitumia kiigizi kimoja katika mazingira yaleyale, mmoja anaweza kurudia jaribio la mwenzake na kulikosoa. Matokeo yasiyoweza kurudiwa na mtu mwingine ni madai tu.

Kabla ya hapo umaskini wa mashine ulikuwa umewasukuma wengi katika njia ya mkato: kuigiza maagizo bilioni moja ya mwanzo na kuacha mengine. Mwanzo wa programu mara nyingi ni matayarisho, ambayo hayafanani na kazi yenyewe. Hivyo muundo mbovu uliweza kuonekana mzuri. SimPoint, iliyotolewa mwaka 2002 na Timothy Sherwood, Brad Calder na wenzao, huchagua vipande vichache vinavyowakilisha programu nzima. Mbinu hiyo hupunguza kazi mno, lakini haikuondoa haja ya mashine nyingi: swali likiwa rahisi kujibiwa, watafiti huuliza mengine mia.

HTCondor hupatikana bila malipo. Maabara yenye kompyuta 30 zinazokaa bure saa 12 kila usiku ina siku 15 za mashine kwa usiku mmoja. Majaribio 260 yaliyotajwa, bila kupunguzwa, yangekwisha baada ya usiku kama 200. Umeme wa usiku huo una bei yake, na mtu hana budi kuulipia. Tena matoleo ya sasa hayaandiki nakala ya programu yoyote ile kama zamani. Programu yenyewe yapasa kuhifadhi hali yake. Kiigizi gem5, kilichotolewa mwaka 2011, huweza kufanya hivyo, ingawa kache inayoigizwa kwa kawaida huanza tena ikiwa tupu na hudai muda wa kujaa kabla ya vipimo kuaminiwa. Umeme ukikatika saa nane za usiku, kinachopotea ni kazi iliyofanywa tangu nakala ya mwisho.