Mtoro, Mpaka na Shamba la Momella

Filamu ya 49th Parallel, iliyotoka Uingereza mwezi Oktoba 1941, inasimulia safari ya watoro sita. Nyambizi ya Kijerumani inazamishwa na mabomu ya ndege katika Ghuba ya Hudson, kaskazini mwa Kanada, na wanaosalia ni mabaharia sita tu waliokuwa wametumwa nchi kavu kutafuta chakula na mafuta. Wamo ndani ya nchi ya adui, mbali na kwao, na njia ya kuokoka ni moja: kuvuka mpaka na kuingia Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijaingia vitani. Jina la filamu linatokana na mpaka huo, ambao upande wa magharibi unafuata mstari ulionyooka wa nyuzi 49 kaskazini mwa Ikweta.

Mipaka ya namna hiyo si migeni kwa watu wa Soitsambu na vijiji vingine vya Loliondo. Mstari unaoitenga Tanzania na Kenya jirani yao ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, ukachorwa mezani kuelekea Ziwa Victoria bila kuulizwa Mmaasai aliyekuwa akichunga pande zote mbili. Ng'ombe hautambui mstari huo hata leo. Kwa mtoro wa vita, hata hivyo, hatua moja kuvuka mstari wa aina hiyo huweza kuwa tofauti ya kukamatwa na kuwa huru, na hapo ndipo filamu za watoro hupata utamu wake.

Hadithi ya 49th Parallel iliandikwa na Emeric Pressburger, Myahudi wa Hungaria aliyekuwa akiandikia filamu mjini Berlin. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933 ilimbidi akimbilie Paris, kisha London. Huko akakutana na mwongozaji Michael Powell, na ushirikiano wao ukazaa filamu nyingi. Sehemu ya gharama za filamu hii ilitolewa na Wizara ya Habari ya Uingereza, na shabaha yake haikufichwa: kuwatia Wamarekani wasiwasi kwamba vita vinaweza kuwafikia mlangoni. Pressburger alipata tuzo ya Oscar kwa hadithi hiyo. Kwa maneno mengine, aliyebuni watoro wale wa Kinazi alikuwa yeye mwenyewe amewatoroka Wanazi.

Katika filamu za aina hii mtazamaji kwa kawaida humwonea huruma anayekimbia. Anataka afike, anashusha pumzi polisi wanapompita. Powell na Pressburger waligeuza mambo: wanaokimbia ndio wabaya, na kamera haiwaachi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiongozi wao, Luteni Hirth, aliyeigizwa na Eric Portman, ni shupavu, mwerevu, na amejazwa mafundisho ya Hitler kichwani hadi hayabanduki. Kila wanapopita anakutana na watu ambao kwa mafundisho yake ni dhaifu, na kila mara hesabu yake inamdanganya. Mwindaji wa manyoya anayezungumza Kifaransa, aliyeigizwa na Laurence Olivier, anawacheka usoni. Mwandishi mmoja mpole, anayepiga kambi kando ya ziwa akiwa na vitabu na michoro yake, anaonekana kama mtu asiyeweza kuua nzi. Wanamfunga na kuviteketeza vitabu vyake, na bado anaishia kumfuata mmoja wao hadi pangoni na kumpiga ngumi. Aliyeigiza sehemu hiyo, Leslie Howard, aliuawa Juni 1943 ndege aliyopanda ilipodunguliwa na ndege za kivita za Wajerumani.

Kiini cha filamu kimo katika kijiji cha Wahutterite, Wakristo wenye asili ya Kijerumani wanaoishi kwa ujamaa wa mali na kukataa kubeba silaha. Hirth anasikia watu wakisema Kijerumani, anadhani amefika kwa ndugu. Anasimama mbele yao kuhutubia juu ya damu moja na taifa moja. Anayemjibu ni kiongozi wa kijiji, Peter, aliyeigizwa na Anton Walbrook, mwigizaji wa Austria aliyekuwa naye amezihama nchi za Hitler. Kwa sauti ya chini Peter anaeleza kwamba wao walikimbilia Kanada ili wapate kuishi bila kuburutwa na mtu yeyote. Baharia mmoja, Vogel, ambaye kabla ya vita alikuwa mwoka mikate, anaingia jikoni, anawaokea wanakijiji mkate mzuri, na anaamua kubaki. Hirth anamhukumu papo hapo kwa kosa la kutoroka jeshi, na wenzake wanampiga risasi. Hakuna hotuba katika filamu nzima inayozidi tukio hilo kwa uzito. Vogel ni Mjerumani, ni askari wa Hitler, na ndiye mtu pekee kati ya wale sita ambaye mtazamaji anataka aokoke.

Hirth anabaki peke yake. Anajificha ndani ya behewa la mizigo linalovuka mpaka karibu na maporomoko ya Niagara, na kwa dakika chache yuko Marekani kweli. Maofisa wa forodha wanamrudisha Kanada kwa kisingizio safi cha kiofisi: hayumo kwenye orodha ya mizigo.

Kilichoshindikana kwenye filamu kilikuwa kimekwishafanyika katika maisha halisi, hata kabla watazamaji hawajaiona. Franz von Werra, rubani wa ndege za kivita za Ujerumani, alidunguliwa huko Kent, Uingereza, tarehe 5 Septemba 1940. Alikuwa mtu wa majivuno, aliyependa kupigwa picha na mtoto wa simba aliyefugwa na kikosi chake. Jina la simba huyo lilikuwa Simba. Mwezi Oktoba alitoroka kambi ya Grizedale Hall na kukamatwa baada ya siku kadhaa milimani. Mwezi Desemba alitoka kwenye kambi nyingine, huko Swanwick, kwa shimo la chini ya ardhi. Safari hiyo alijifanya rubani Mholanzi anayepigana upande wa Waingereza, akaingia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Hucknall na kufika hadi kwenye kiti cha ndege ya Hurricane kabla ya kutolewa kwa bastola.

Waingereza waliona heri wampeleke mbali. Januari 1941 alisafirishwa pamoja na mateka wengine hadi Kanada, na huko alijirusha dirishani treni ikiwa inakwenda, katika jimbo la Ontario. Alivuka Mto St. Lawrence uliokuwa umeganda barafu, akatokea mji wa Ogdensburg upande wa Marekani. Kesi yake ya kuingia nchini bila kibali ilipokuwa bado inavutana, akapenya hadi Mexico, akapitia Amerika ya Kusini, na Aprili 1941 akawa amerejea Ujerumani, ambako Hitler mwenyewe alimtunuku nishani. Hakuifaidi kwa muda mrefu. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo injini ya ndege yake iliharibika, akatumbukia baharini karibu na pwani ya Uholanzi. Hakuonekana tena.

Mwaka 1957 Waingereza walitengeneza filamu juu ya mtu huyo, The One That Got Away. Ni jambo la kushangaza kwa taifa lililokuwa limelia kwa mabomu ya Wajerumani miaka 12 tu kabla yake. Mwongozaji Roy Ward Baker alitaka von Werra aigizwe na Mjerumani, na akampata kijana wa Berlin aitwaye Hardy Krüger. Filamu haimsafishi von Werra. Mapema kabisa afisa mmoja wa Uingereza anamkalisha chini na kumwonyesha kwamba sifa zake za kudungua ndege nyingi ni uongo, na mtazamaji anamwona akinywea. Lakini akishaanza kutambaa kwenye theluji, hesabu ya uadui inavurugika. Watu waliojaa kwenye majumba ya sinema ya London walijikuta wakimtakia heri adui yao. Kama kazi ya sanaa filamu hii ni nyepesi kuliko 49th Parallel, ila ina ujasiri zaidi: inamwachia mtazamaji huruma yake na kumtaka aamue mwenyewe aifanye nini.

Krüger aliyafahamu mambo hayo kwa ngozi yake. Alizaliwa Berlin mwaka 1928 kwa wazazi waliomwabudu Hitler, na mwaka 1941 akapelekwa shule ya Sonthofen, moja ya shule zilizobeba jina la Hitler na kuandaa watawala wa kesho. Akiwa na miaka 15 alichaguliwa kuigiza katika filamu ya propaganda, Junge Adler. Wakati huo alikutana na mwigizaji Hans Söhnker, aliyeuchukia utawala ule na kumfungua macho kijana huyo juu ya yaliyokuwa yakitendwa. Machi 1945, vita vikiwa ukingoni, Krüger alitiwa katika kikosi cha SS kilichoitwa Nibelungen. Alipoamriwa kuwafyatulia risasi askari wa Marekani alikataa, akahukumiwa kifo. Afisa mwingine alizuia hukumu ile isitekelezwe. Kijana akafanywa mpeleka ujumbe, akapata mwanya, akatoroka na kujificha milima ya Tyrol hadi vita vilipokwisha. Kwa hiyo mwaka 1957 nafasi ya mtoro aliyekimbia ili arudi kumtumikia Hitler ilichezwa na mtoro aliyemkimbia Hitler. Alikuwa Vogel aliyeponea.

Tanganyika nayo ilikuwa na Wajerumani wake wa wakati wa vita. Kati ya vita viwili vya dunia walowezi wa Kijerumani walilima kahawa kwenye miteremko ya Oldeani, sehemu ambayo leo ni wilaya ya Karatu, na miongoni mwa Wajerumani wa Tanganyika chama cha Hitler kilikuwa na wafuasi. Septemba 1939 serikali ya Kiingereza iliwakamata wanaume wao na kuwaweka kizuizini, wengine baadaye wakapelekwa Afrika Kusini, na mashamba yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Kutoroka hakukuwa na maana sana. Ule mstari wa kaskazini ulitenganisha koloni la Mwingereza na eneo lingine la Mwingereza. Nchi isiyokuwa vitani ilikuwa Msumbiji ya Wareno, ng'ambo ya Mto Ruvuma, mwendo wa nchi nzima. Wakati huohuo vijana wa Tanganyika waliingizwa katika King's African Rifles, wakapigana Ethiopia, Madagaska na Burma, na hadi leo hakuna filamu kubwa ya watoro wala ya mashujaa iliyotengenezwa juu yao.

Krüger aliletwa kaskazini mwa Tanganyika na filamu ya aina nyingine kabisa. Mwishoni mwa 1960 mwongozaji Mmarekani Howard Hawks alifika Arusha na John Wayne, Elsa Martinelli na wengineo kutengeneza Hatari!, hadithi ya wakamataji wa wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Krüger alikuwa Kurt, dereva Mjerumani wa timu hiyo. Faru, twiga na nyati wanaofukuzwa na magari walikuwa wa porini kweli, na waigizaji wenyewe walikaa juu ya magari hayo. Waarusha wanaonekana kidogo, zaidi katika ngoma ya kumpa Martinelli jina la Mama Tembo. Aliyeitegemea filamu hiyo kumjulisha maisha ya wenyeji angetoka mikono mitupu. Ilitengenezwa muda mfupi baada ya Hifadhi ya Ngorongoro kutengwa na Serengeti mwaka 1959 na Wamaasai kuondolewa Serengeti, lakini suala hilo haliguswi hata kwa mbali.

Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika Momella, chini ya Mlima Meru, palipokuwa na shamba la Margarete Trappe, mlowezi wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1957. Si mbali na hapo, Tengeru, kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland waliofika kuanzia 1942, wengi wao baada ya kupelekwa Siberia na Wasovieti. Krüger alipapenda Momella. Alinunua ardhi, akajenga nyumba na hoteli ya wageni, akaishi hapo kwa takriban miaka 13, na mwaka 1970 akachapisha kitabu juu ya shamba hilo, Eine Farm in Afrika. Maziwa ya Momella yaliingizwa katika hifadhi ya taifa ambayo tangu 1967 inaitwa Arusha. Nyumba yake sasa ni loji ya watalii iliyopewa jina la ile filamu.

Majumba ya sinema yaliendelea kumtaka avae sare za Wajerumani. Katika A Bridge Too Far ya mwaka 1977 aliigiza jenerali wa SS, na kati ya tukio na tukio alijifunika koti juu ya sare hiyo, kwa sababu ilimrudisha utotoni. Uzeeni alizunguka mashuleni Ujerumani akiwaeleza wanafunzi alivyofundishwa kuua akiwa mtoto, na mwaka 2013 alishiriki kuanzisha kampeni dhidi ya vurugu za makundi yanayofufua itikadi za Kinazi. Alifariki California tarehe 19 Januari 2022, akiwa na miaka 93.