Usikate Waya Usioujua

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walinena wahenga. Nami nimeishi katika kazi hii ya ualimu kiasi cha kudhani kwamba nimekwisha kuyaona mengi yanayostahili kuonwa. Kumbe sivyo! Gari langu kuukuu lilinifundisha somo ambalo sikulipata chuoni, na karo yake ilikuwa ghali. Wasomaji waliozoea kukuta katika safu hii mijadala ya sarufi na ushairi wataniwia radhi, maana leo nitazungumzia redio ya gari. Hata hivyo, mpenzi msomaji, usifunue ukurasa mwingine. Fasihi imo ndani ya kisa hiki, tena ndiyo iliyoumia.

Gari lenyewe liliundwa Japani mwaka 1998, nami nililinunua lilipoletwa nchini mwaka 2005, kabla halijapitisha ule umri wa miaka minane ambao Kenya huuruhusu kwa magari yaliyotumika. Lilikuja na redio yake iliyotiwa kiwandani, yenye mdomo wa kaseti, vitufe vichache na maandishi ya Kijapani. Tundu la kuchomekea chombo kutoka nje halikuwapo. Wenye kuiunda waliamini, na si bila sababu, kwamba kaseti ambayo kampuni ya Philips iliizindua mwaka 1963 ingali na maisha marefu mbele yake. Aliyetaka kubeba muziki mkononi alikuwa na Walkman ya Sony, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1979, naye aliusikiliza peke yake kwa vipokea sauti vya masikioni. Gari lilikuwa na redio yake, na msafiri alikuwa na kichezeo chake. Viwili hivyo havikuwa na sababu ya kujuana.

Miaka ikapita, na mambo yakageuka. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu kazi ya fasihi simulizi. Kila mmoja alitakiwa aende nyumbani kwao, aketi na mzee, na arudi na hadithi iliyonaswa kwa sauti ya msimulizi mwenyewe. Mwanafunzi mmoja, msichana mpole asiyependa kujionyesha, nilimwazima kinasa sauti changu cha mkononi, kidude kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, ambacho kiliweza kunasa na kucheza pia. Alikwenda nacho kwa nyanya yake karibu na Kaloleni, na akarejea na hadithi tisa. Sijawahi kusikia usimulizi kama ule. Bikizee yule alijua mahali pa kunyamaza. Alijua kumgeuza fisi akawa mtu unayemfahamu kijijini kwako.

Kabla muhula haujakwisha, ajuza huyo akaaga dunia.

Tulianza kuzinakili hadithi zile katika kompyuta ya shule. Saba zikaingia salama, kisha umeme ukakatika. Mbili zilizobaki, nazo ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote, nikasema tutazinakili juma lijalo. Ewe mwalimu mwenzangu, ni mara ngapi umelitamka neno hilo, "juma lijalo"?

Wakati huo nilikuwa nikiwachukua walimu wenzangu watatu kila asubuhi kutoka Mariakani hadi shuleni, na nikatamani nao wazisikie hadithi hizo njiani. Vipokea sauti vya masikioni havitoshi watu wanne. Ndipo nikamwendea fundi mmoja wa umeme wa magari kando ya barabara na kumwuliza kama angeweza kukiunganisha kidude changu na redio ya gari.

"Hii ni kazi ya dakika kumi, mwalimu," akaniambia.

Naam, hazikufika hata dakika kumi. Aliichomoa redio kutoka mahali pake, akazikata nyaya mbili za spika, akaukata na waya wa vipokea sauti vyangu, kisha akavifunga pamoja kwa utepe mweusi. Tukakiwasha kidude. Sauti ya nyanya ikasikika kwa mbali, nyembamba kama ya nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Fundi akatikisa kichwa, akasema labda redio nayo inahitaji kuwashwa ili isukume. Akaiwasha. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, na kioo cha kidude changu kikawa cheusi. Hakikuwaka tena, na hadithi mbili zikaenda nacho.

Simtwiki fundi lawama hizo peke yake. Yeye alifanya alivyojua. Mimi ndimi niliyesimama pale, mtu mzima mwenye shahada, nikatazama nyaya zikikatwa na wala sikuuliza swali hata moja. Kila siku huwaambia wanafunzi wangu kwamba kuuliza si ujinga, lakini nilipohitaji kuuliza niliona haya, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwa la somo langu.

Majuto ni mjukuu. Kesho yake nilimwendea mwalimu mwenzangu wa Fizikia nikiwa na maiti ya kidude mkononi. Hakunicheka. Alichukua chaki akachora ubaoni, na maelezo yake nitajaribu kuyatoa hapa kwa faida ya kila mwenye gari kuukuu na kila mwanafunzi anayejiuliza Fizikia itamfaa nini.

"Ukitaka kuunganisha vyombo viwili," alisema, "uliza kwanza: kipi kinasema na kipi kinasikia? Kinywa huelekezwa kwenye sikio. Kinywa hakiungwi na kinywa."

Mahali pa kuchomekea vipokea sauti ni kinywa cha kidude. Hapo hutoka umeme hafifu mno, wa kutosha kutikisa vipande viwili vidogo masikioni. Nyaya za spika, zinazotoka nyuma ya redio, nazo ni kinywa. Hapo hutoka umeme wenye nguvu, uliokwisha kukuzwa ili utikise spika za milangoni. Fundi alikuwa ameunga kinywa na kinywa. Redio ilipokuwa imezimwa, kidude kilijaribu kuzisukuma spika ambazo hakikuwa na ubavu wa kuzisukuma, na ndiyo maana nyanya alisikika kama nzi. Redio ilipowashwa, kinywa kikubwa kilikipigia kelele kile kidogo hadi kikafa. Tena katika redio nyingi za magari ya siku hizi, kila mmoja wa nyaya mbili za spika hubeba takriban nusu ya volti za betri, yaani volti sita hivi, hata kabla muziki haujaanza. Kwa sababu hiyo hiyo, waya wa spika haupaswi kamwe kuunganishwa na bodi ya gari, ijapokuwa mafundi wengi walizoea kufanya hivyo katika redio za zamani.

Basi sikio la redio liko wapi? Katika magari yaliyoundwa baadaye, sikio hilo ni lile tundu la milimita 3.5 lililoandikwa AUX. Plagi inayoingia humo ina sehemu tatu: ncha hupitisha sauti ya kushoto, pete hupitisha ya kulia, na shina ni njia ya kurudia ya zote mbili. Unachohitaji ni waya wenye plagi kama hiyo pande zote mbili. Ongeza sauti ya kidude hadi kama robo tatu, kisha rekebisha iliyobaki kwa redio. Ukiipandisha ya kidude hadi mwisho, sauti hukwaruza, na ukiishusha mno, utaongeza ya redio hadi usikie mvumo.

Gari lisilo na tundu hilo bado lina masikio mengine. Nyuma ya baadhi ya redio za kiwandani huwapo plagi iliyowekwa kwa ajili ya sanduku la kubadilishia CD, na ziko nyaya maalumu zinazochomekwa hapo bila kukata chochote. Sikio la pili ni erio. Viko vidude vidogo vinavyotangaza sauti kwa masafa ya FM, nawe ukaipata katika redio kana kwamba ni kituo. Lakini hapa magari yetu yana kisirani chao. Redio iliyotengenezewa soko la Japani mwaka ule wa 1998 ilipokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, hali vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108, na vidude vingi vya kutangazia navyo hufuata masafa haya ya pili. Mahali vinapokutana ni pale penye wembamba wa kati ya 87.5 na 90. Mtu hununua kidude, akakiweka kwenye 100, akahangaika mchana kutwa, na mwisho akamwita mwuzaji mwizi. Mwuzaji hakumwibia, redio tu haina sikio la masafa hayo.

Sikio la tatu ndilo lililonifaa mimi, nalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Ni mdomo wa kaseti. Mwenzangu alitoa katika mtoto wa meza kitu chenye umbo la kaseti, chenye waya mwembamba unaotoka ubavuni. Akakifungua kwa bisibisi. Ndani hamkuwa na ukanda. Mlikuwa na magurudumu madogo ya kuihadaa redio idhani kwamba kaseti inazunguka, na kipande kidogo cha chuma kilichozungushiwa waya.

Kaseti ya kawaida hubeba sauti kwa njia ya sumaku iliyotapakaa juu ya ukanda. Ukanda unapopita mbele ya kichwa cha kusomea, sumaku hiyo hubadilikabadilika, na mabadiliko hayo huzaa umeme katika waya uliozungushwa ndani ya kichwa. Michael Faraday alilidhihirisha jambo hilo mwaka 1831, na wanafunzi wetu hulisoma darasani. Kaseti ile bandia huuchukua umeme hafifu wa kidude, ikaugeuza kuwa sumaku inayobadilikabadilika, na kuiweka mbele ya kichwa cha redio. Kichwa hakijui kwamba hakuna ukanda. Kinasoma tu. Hakuna waya uliokatwa, na wala hakuna umeme wa redio unaofika kwenye kidude. Kati yao mna sumaku peke yake.

Nilipigwa na butwaa. Kitu hicho kiliuzwa madukani kwa bei ndogo kuliko ujira niliomlipa fundi wa kuniunguzia.

Sasa nielekee kwa walimu wenzangu. Nilimwuliza mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Nne, hodari wa Fizikia, anieleze kanuni ya Faraday. Akaitiririsha neno kwa neno bila kukosea. Nilipompa kaseti ile na kumwuliza inafanyaje kazi, akaigeuza mara mbili tatu na kusema, "Samahani, mwalimu, hii hatujafundishwa." Alikuwa amefundishwa yote. Kilichokosekana ni mtu wa kukiweka kitu chenyewe mezani na kukifungua. Katika kila mji wetu yapo marundo ya redio mbovu, saa zilizosimama na simu zilizokufa. Hayo ni maabara yasiyohitaji bajeti ya wizara. Kijana aliyekwisha kuifungua redio iliyokufa hatakuja kuiua iliyo hai.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba maarifa hukaa katika vyumba tofauti, huku Fizikia, kule fasihi. Nilipoteza hadithi kwa kutojua volti. Yuko na mhandisi atakayepoteza kazi kwa kutojua kujieleza. Mkikabidhi chombo chenu kwa fundi, mwulizeni kwa heshima: waya huu wa nini, na ukiunganishwa hapo kutatokea nini? Fundi anayeijua kazi yake hafichi jibu, bali hufurahi kuulizwa. Asiyelijua jibu naye atasita kabla hajakata, na kusita huko kwaweza kuokoa kitu kisichonunuliwa. Na chochote kilichonaswa kutoka kwa mzee, kinakilini siku hiyo hiyo, kabla ya kufikiria redio ya gari.

Yamebaki machache. Nililazimika kumweleza yule msichana yaliyotokea. Alinisikiliza kimya, kisha akasema, "Si neno, mwalimu. Saba zipo." Sikupata usingizi usiku ule.

Likizo ilipofika, nilizitia zile saba katika kidude kingine, nikaichomeka kaseti bandia, na nikawabeba yeye na mama yake kuelekea Kaloleni. Nyanya akasema kutoka milangoni mwote mwa gari, sauti yake nene na kamili. Hadithi ya saba ilipokwisha, nikanyoosha mkono kuizima redio. Mama mtu akauliza kama hakukuwa na nyingine, ile ya kisima. Binti akanitazama, nami nikatazama barabara. Nikamwambia ukweli.

Mama akanyamaza kwa mwendo wa kilomita moja hivi. Halafu akajikohoza na kuianza mwenyewe. Katikati alisahau, akarudi nyuma, akaruka mahali, akasema mamaye aliisimulia vizuri zaidi. Binti yake alikuwa amekwisha kukitoa kidude katika redio na kukishika karibu na kinywa cha mama, kikiwa kinanasa. Tulipofika, kabla hajashuka, aliniuliza kama shule ingefunguliwa ili akainakili jioni ile ile.