Wanasubiri Nini Hao?

Video za aina hii huenea haraka. Ajali imetokea, umati umejaa, ambulensi imefika na majeruhi ameshapakiwa, lakini gari haliondoki. Anayerekodi anapaza sauti: "Wanasubiri nini hao? Mtu anakufa!" Ikifika jioni redio na televisheni zimeshaidaka, na wahudumu wawili waliokuwa ndani wamegeuka wauaji mbele ya nchi nzima.

Kilichokuwa kikiendelea nyuma ya milango ile hakimo kwenye video. Aliyepoteza fahamu akilazwa chali, ulimi unaweza kurudi nyuma ukaziba koo, na matapishi au damu ikaingia mapafuni. Njia ya hewa lazima isafishwe kwanza, shingo ishikiliwe isicheze, damu inayobubujika izuiwe, oksijeni iwekwe. Moyo ukiwa umesimama, kifua kinatakiwa kukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kila mkandamizo ukishuka angalau sentimita 5. Nani ataifanya kazi hiyo sawasawa ndani ya gari linalokata kona na kuruka matuta? Mara nyingi dakika zile za kusimama ndizo tiba yenyewe.

Kwa majeruhi anayevuja damu ndani ya tumbo, mambo ni kinyume: huyo anahitaji chumba cha upasuaji, na kila dakika inayopotea kando ya barabara inamkaribisha kwenye kifo. Kuzipambanua hali hizi mbili ndiko mhudumu alikosomea. Mpita njia mwenye simu hana namna ya kujua ni ipi iliyo mbele yake.

Tamthilia nazo zimepotosha wengi. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha uchunguzi wa vipindi vitatu vya televisheni, kikiwemo ER kilichopendwa sana. Katika matukio 60 ya kufufua mapigo ya moyo, asilimia 75 ya wagonjwa walizinduka, na asilimia 67 walionekana kupona hadi kuruhusiwa. Katika maisha halisi, huko huko Marekani, kati ya watu kumi ambao moyo unawasimama nje ya hospitali, anayerudi nyumbani akiwa hai ni mmoja hivi. Tamthilia hupenda pia kuonyesha mstari ulionyooka kwenye mashine, daktari akapiga shoti ya umeme, mgonjwa akafumbua macho. Mstari ulionyooka haupigwi shoti. Shoti ni ya moyo unaotetemeka ovyo. Uliotulia kabisa hupewa mkandamizo na adrenalini. Ndugu aliyezoea picha zile akiona mhudumu hagusi mashine, anaamini kabisa kwamba mgonjwa wake ametelekezwa. Uchungu wake ni wa kweli na unastahili heshima, ila tuhuma zimetokana na hadithi ya kutungwa.

Hii si hoja ya kuwakinga wahudumu wasikosolewe. Wapo wanaochelewa bila sababu, wapo wanaowatolea ndugu wa mgonjwa maneno makali, na waandishi wakinyamaza tabia hiyo itaota mizizi. Lakini lawama ina anwani yake, na kuitafuta ni kazi.

Uingereza iliifanya kazi hiyo baada ya bomu la Manchester Arena la Mei 22, 2017, lililoua watu 22. Ripoti ya uchunguzi iliyotoka Novemba 2022, chini ya jaji mstaafu John Saunders, haikuwaonea haya watoa huduma: ni wahudumu watatu tu wa ambulensi walioingia katika ukumbi ulikolipuka bomu wakati majeruhi wakiwa bado humo, na wazimamoto walifika eneo la tukio baada ya zaidi ya saa mbili. Ila ripoti hiyo ilifuatilia amri na mawasiliano dakika kwa dakika, ikaonyesha jinsi vikosi vilivyoshindwa kuzungumza. Ripoti ya awali ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Bob Kerslake, ilivikosoa hata vyombo vya habari kwa namna baadhi ya waandishi walivyozisumbua familia za waathirika.

Nairobi nayo ina kisa chake. Oktoba 2015 mwanamume aliyegongwa na gari alizungushwa ndani ya ambulensi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha ICU. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilikuwa imejaa. Kwingine kulitakiwa amana ambayo familia haikuwa nayo. Alifariki muda mfupi baada ya kupokelewa. Kamera ingeweza kuishia kwenye gari lile linalozunguka mji, na dereva angebeba msalaba wote. Waandishi wa Kenya, na hapa wanastahili pongezi, walikwenda mbali zaidi: wakauliza kuhusu uhaba wa vitanda na kuhusu Katiba ya 2010, ambayo Ibara yake ya 43 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Mwaka 2023 sheria mpya ya bima ya afya ilianzisha mfuko wa kugharimia dharura na magonjwa sugu. Kwa hiyo maswali ya leo yako wazi: hospitali inayompokea majeruhi bila amana inalipwa lini, inalipwa kiasi gani, na ambulensi inayomleta imejumuishwa?